Jiwe Ndani ya Shanta

Jumatatu, 7 Julai 1952

Nimerudi. Shanta liko nyuma ya mlango, mimi niko sakafuni. Kamba ya kushoto inakata bega. Nitaiwekea pamba mchana huu kabla sijagusa suruali ya mtu yeyote.

Njia ni ileile. Dukani, kushuka kijitoni, kupanda mlima hadi makaburini, kurudi. Natoka alfajiri. Ukungu wa Julai umetanda mpaka huoni miguu yako. Afadhali, maana na watu hawanioni vizuri.

Tabita anasema katika Iyula nzima mimi ndiye mwanamume wa kwanza kupandisha mawe mlimani na kuyarudisha yalikotoka. Anasema kama nina nguvu za ziada, kuna kuni. Mke wangu huyu ana mdomo. Kuni ukifika nyumbani unazitua na kazi imekwisha. Mimi sitafuti kuni, natafuta miguu.

Mwezi jana tulimzika baba yake. Kwao wakwe ndio wanaobeba jeneza. Nilishika mti wa nyuma, kulia. Pale mlima unapoanza kusimama, goti likaniacha. Jeneza likalala upande. Mzee wa watu alitaka kumwagika mbele ya ukoo wake mzima. Mtu akaninyang'anya mti mkononi kama mtoto anavyonyang'anywa kisu. Mama mkwe alikuwa nyuma yetu na aliona yote.

Aibu ile bado ninayo mwilini. Miaka yote hii nimekaa kwenye kiti cha cherehani, miguu yangu inajua kukanyaga pedeli tu. Mwezi wa tisa kaburi litajengewa. Saruji itashushwa dukani na wakwe wataipandisha. Nataka mfuko mzima, mgongoni kwangu, bila kutua njiani. Mama mkwe aone.

Jumatano, 9 Julai

Kopolo Simoni amelikagua shanta. Huyu ni jirani yangu, alipigana vitani huko Bama, na ndiye aliyenipa wazo lenyewe. Anasema jeshini walitembezwa na mashanta yaliyojaa mpaka wakalala huku wanatembea. Amesifu mshono. Turubai la lori kuukuu, uzi mara mbili, kamba pana. Amesema mawe yangu ndiyo mabaya, yana pembe. Nitafute jiwe laini la mtoni, zito, likae juu karibu na shingo.

Mgongo umechubuka. Nimekasirika siku nzima na nimemharibia mteja kola.

Jumamosi, 12 Julai

Jiwe nimelipata, na kwa njia ya ajabu.

Nilikuwa nashuka kutoka makaburini, jua limeanza kupasua ukungu. Nimechelewa. Mbele yangu, hatua chache tu, mama mkwe anapanda na ndoo kichwani. Jina lake siandiki hata humu. Mkwe hatajwi. Hukutani naye njiani, humtazami usoni, huongei naye. Akitokea, unaacha njia. Yeye naye akikuona anajifunika. Tumeishi hivyo tangu nimwoe Tabita, kwa heshima kabisa, na nadhani tunapendana.

Nikaruka kichakani na shanta langu. Pale pale njia ya kwenda Tunduma inapochepuka. Nimechuchumaa, nimejiinamia, mawe yananivuta nyuma, nasikia kanga yake inapita. Mwanamume mzima. Alikohoa kidogo. Nadhani aliniona na alikuwa anazuia kicheko.

Alipokwisha kupita nikafumbua macho, na mbele ya magoti yangu jiwe. Jeusi, laini kama limepakwa mafuta, ukubwa wa mkate wa dukani. Limekaa juu ya bapa la jiwe jingine kama limewekewa mimi. Nikatupa mawili yenye pembe nikaliweka lile. Nimefika nyumbani sijachubuka.

Jumanne, 15 Julai

Nimelishonea jiwe kifuko cha flaneli ya bluu, masalio ya joho la kwaya. Linakaa vizuri mno. Leo nimepanda bila kusimama mpaka kwenye mti uliopigwa radi. Nikajisifu kwa Tabita. Akasema jiwe lina nguo nzuri kuliko zake.

Alhamisi, 17 Julai

Habari kubwa. Eliya amerudi.

Eliya ni kitinda mimba wa mama mkwe, shemeji yangu. Miaka mitano iliyopita alivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba. Mwanzoni salamu zilikuja na watu. Baadaye kimya. Hata kwenye msiba wa baba yake hakuonekana.

Tabita ametoka kwa mama yake anang'aa. Mama amefagia mpaka nyuma ya zizi. Amekoroga togwa, amemtenga jogoo. Amenituma kupitia Tabita nishone shati na suruali ndefu, nguo za Eliya, atakuwa amekuja na matambara ya mgodini. Nimechukua kaki nzuri. Vipimo vyake navikumbuka kutoka harusi yangu, mtu mrefu, miguu kama ya korongo.

Nimeuliza yuko wapi sasa. Tabita hajui. Hakuna aliyemwona. Mama anasema hilo si neno, ameona alama yake, huenda amepitia kwa marafiki kwanza kuoga na kunyoa. Nimefurahi kweli. Nyumba ile ilihitaji furaha.

Jumapili, 20 Julai

Sitaki kuandika haya. Naandika hivyo hivyo.

Leo kanisani mama mkwe alisimama. Mama yule hasimami mbele za watu, hata kwenye msiba alikaa pembeni. Alikwenda mbele na jogoo kwapani, akasema anamshukuru Mungu, mwanawe amefika. Watu wakapiga makofi. Wazee wawili walilia. Mimi nilikuwa upande wa wanaume, nyuma ya nguzo, nikapiga makofi kuliko wote.

Njiani kurudi nikamuuliza Tabita hiyo alama ni alama gani. Akashangaa kwamba sijui. Mama yake ni Mnamwanga wa huko upande wa Tunduma, na kwao, mtoto akienda kuvuka mpaka kutafuta kazi, anaokota jiwe mtoni, analiweka kwa mkono wake chini ya kichaka pale njia inapochepuka. Halisogezwi na mtu. Siku akirudi analiondoa mwenyewe kabla hajafika mlangoni, anaingia nalo ndani, linakaa jikoni pembeni ya mafiga. Mama amekuwa akilitazama jiwe la Eliya kila anapoteka maji, miaka yote mitano. Sasa limeondoka.

Niliuliza jiwe lenyewe likoje. Nilishajua. Nilitaka tu nisiwe najua.

Jeusi, akasema. Laini. Kama mkate.

Tulipofika nyumbani shanta lilikuwa nyuma ya mlango, na Tabita akatundika kanga yake juu yake kama kila siku.

Jumatatu, 21 Julai

Sikwenda mlimani. Sijashona. Nimekaa mbele ya cherehani, barazani pa duka, nimeduwaa, mwenye duka akaniuliza kama nina malaria. Nikasema ndiyo.

Mama ametandika kitanda cha Eliya. Ameazima blanketi.

Niseme? Kwa mdomo gani? Siruhusiwi kusimama mbele yake hata kusema habari za asubuhi, sasa nisimame niseme Mama, mwanao hakurudi, ni mimi nimembeba mgongoni nikipunguza kitambi? Na Tabita nikimwambia, atanitoa macho. Naogopa. Mwoga ni mwoga, acha niandike.

Nitalirudisha. Alfajiri kabla ya mtu kuteka maji. Nitalivua flaneli, nitaliweka juu ya bapa lake kama lilivyokuwa. Atadhani macho yake yalimdanganya, itamuuma kidogo, basi.

Jumanne, 22 Julai

Nimelirudisha. Hakuna aliyeniona. Nimepumua.

Jumatano, 23 Julai

Ee Mungu wangu, nimefanya nini.

Mama alipita kuteka maji akaliona jiwe limerudi mahali pake. Ameiangusha ndoo. Wanawake walimkuta amekaa njiani.

Jiwe likirudishwa, kwao maana yake mwenyewe amelirudisha. Alifika. Akalichukua. Akatazama nyumba ya mama yake, pengine akaona kaburi jipya la baba yake, akaghairi. Akaliweka chini, akageuza kwenda zake. Mama anasema mwanangu kanifikia mlangoni kanipa mgongo. Anasema hivyo hivyo tena na tena, Tabita ananiambia, kwa sauti ndogo kama anasoma.

Sikulifikiria hili hata kidogo. Mimi niliona jiwe ni jiwe, likiondoka limeondoka, likirudi limerudi.

Alhamisi, 24 Julai

Mama hali. Amegeukia ukutani. Uji unapoa pembeni yake. Togwa wamewagawia majirani.

Nimemwambia Tabita. Alikuwa anachambua maharage. Nilisema yote kwa pamoja, kichaka, jiwe, flaneli, alfajiri ya juzi. Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akauliza swali moja tu, kama kweli nililivalisha nguo. Nikampa kile kifuko. Akakifunga kwenye pindo la kanga, akatoka kwenda kwa mama yake.

Sikuwahi kumwona mke wangu akikosa neno la kunitania. Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 25 Julai

Mama hakuamini.

Nimekaa na hili tangu jana jioni na bado siamini mimi. Tabita alimweleza kila kitu. Akamwonyesha kifuko. Mama akakishika, akakigeuza, akatazama mshono. Akasema mkwe wangu ni mtu mwema na ana mkono mwepesi, amekishona jana ili nisife. Akamshukuru. Akageukia ukutani tena.

Kweli yangu imekuwa uongo wa huruma. Na siwezi kwenda kuapa mbele yake, maana mkwe hasimami mbele ya mkwe. Mchungaji naye amekwenda kusema naye. Mama akamwambia mchungaji, nanyi mmekubaliana na fundi.

Hakuna wa kumwondolea hili isipokuwa Eliya mwenyewe, au mtu aliyemwona kwa macho huko aliko.

Naondoka kesho kwenda mpakani. Lori la kahawa halijulikani litakuja lini, sisubiri. Kopolo anasema kwa miguu yangu ya zamani asingeniruhusu, ila kwa hii ya sasa, Tunduma nitafika siku ya pili. Nimejaza shanta. Unga, maharage, blanketi, sindano na uzi maana sitembei bila, na ile suruali na shati. Safari hii hakuna jiwe hata moja.

Jumapili, 27 Julai. Tunduma

Nimefika giza likiingia. Malengelenge. Nilale.

Jumatatu, 28 Julai

Mpaka wenyewe ni mti tu uliolazwa kwenye njia. Askari ameuliza naenda wapi, nikasema namtafuta shemeji, akasema pita. Huku na huku watu ni walewale. Akina mama wanapanga dagaa upande huu na watoto wao wanacheza upande ule. Ukisalimia kwa Kiswahili unajibiwa salamu ya Kibemba, mulishani, mukwai. Mtu anaanza bei kwa Kibemba anaimalizia kwa Kinamwanga.

Nimeuliza waliotoka migodini, wenye masanduku ya bati na kofia. Eliya wa Iyula? Mrefu? Wanatikisa vichwa. Mmoja akasema wapo wengi wanaoingia kule na majina yanabadilika.

Nimezunguka mpaka jua likawa kali. Nimempita fundi makatambuga mara mbili, kakaa chini kwenye gunia, anakata tairi kwa kisu. Mara ya tatu kamba ya kiatu changu ilikatika. Nikamnyooshea mguu anifungie, bila kumtazama. Akashika kifundo changu, hakufunga. Nikainama kuona kulikoni.

Eliya.

Nilikuwa natafuta mtu mrefu. Mguu wa kulia haupo. Umeishia juu ya goti, kaptula imekunjwa na kubanwa kwa pini. Gongo moja limeegemea ukuta nyuma yake. Mtu anayeshona makatambuga ya watu wote wanaovuka mpaka, yeye mwenyewe anatumia moja tu.

Nilikaa chini vumbini hapo hapo. Yeye ndiye aliyeanza, akasema, "Shemeji, umepungua."

Jumanne, 29 Julai

Mwamba ulimwangukia, mwaka wa tatu huko. Walipomkata na kumwachia gongo, alikuja mpaka hapa akasimama. Amekaa hapa zaidi ya mwaka. Mwaka mzima, siku mbili kutoka kwa mama yake. Habari za kifo cha baba yake alizipata kwa wauza chumvi wa Ivuna waliopita hapa. Alizifunga moyoni akaendelea kukata tairi.

Nilipandwa na hasira nikashindwa kula.

Anasema aliondoka ili alete bati za nyumba. Atarudije na mguu mmoja na hana bati. Anasema Mama ana jiwe lake pale, anajua lipo, anajua analitazama, bora alitazame jiwe kuliko hili. Akapiga paja lake lililokatika.

Nikafungua shanta nimpe nguo. Nikatoa suruali. Kaki, pasi imekaa vizuri, miguu miwili mirefu. Nilikuwa nimesahau. Tuliitazama wote wawili. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akaishika, akaipima kwenye kiuno, akasema kiuno ndicho.

Nikamwambia habari ya jiwe. Yote. Alicheka nilipofika kwenye flaneli, cheko la Tabita kabisa. Nilipofika kwenye kulirudisha akaacha kucheka. Nikamwambia kwa ukali, mpaka watu wakageuka, "Mama yako anadhani ulifika mlangoni ukampa mgongo. Amelala, hali chakula."

Akaweka kisu chini. Akauliza lori lipo lini.

Jumatano, 30 Julai

Lori litaondoka keshokutwa, linakwenda kuchukua kahawa Iyula. Dereva amekubali.

Tatizo ni mlima. Gongo linamfikisha msalani na dukani, halimvushi kijito chenye mawe ya utelezi wala halimpandishi ule mlima mpaka kwa Mama. Nilisema tutapata watu wanne na machela. Eliya akakataa kabisa. Anasema Mama akiona machela inapanda, kabla haijafika atakuwa amekwisha kujua ni maiti. Ni kweli.

Nimelipasua shanta. Pembe mbili za chini, matundu mawili, pindo limekunjwa na kushonwa mara mbili. Nimekesha nalo kama nguo ya harusi. Leo asubuhi tumelijaribu nyuma ya jiko la mama ntilie. Paja zima tundu moja, paja fupi tundu la pili, mikono yake mabegani kwangu. Mama ntilie ameacha sufuria ikaungua.

Nilisimama. Nikatembea mpaka kwenye mti wa mpaka na kurudi.

Ijumaa, 1 Agosti. Nyumbani

Nitaandika polepole maana mabega hayanyanyuki.

Lori lilitushusha dukani mchana. Watu walijaa. Kopolo Simoni alimwona Eliya, akapiga saluti, akanisaidia kufunga kamba. Tabita alikuja mbio kutoka nyumbani akasimama mbele ya mdogo wake, akamtazama mguu, akamtazama uso. Akamwambia amekonda kama fito. Kisha akalia. Watoto walishatangulia mlimani wakipiga kelele kwamba Eliya anakuja na fundi amembeba.

Kijito tulivuka. Tabita mbele na gongo, mimi nyuma na mdogo wake. Hakuwa mzito kama mfuko wa saruji. Lakini saruji haikupumulii shingoni, wala haikuombi msamaha kila hatua. Pale pale goti liliponiacha mwezi wa sita, lilitetemeka tena. Eliya akalisikia. Akasema nishushe, shemeji. Nikamwambia anyamaze, nikauma meno. Goti likakubali.

Tulipokaribia pale njia ya Tunduma inapochepuka, Tabita akasimama ghafla, akakaa pembeni. Nikainua macho. Mama mkwe alikuwa anateremka mbio, peku, kanga imeshuka bega moja. Mwanamke ambaye juzi hakuweza kukaa.

Sikuwa na pa kwenda. Kushoto ukingo, kulia kichaka, mgongoni mtu. Siwezi kuruka, siwezi hata kuchuchumaa. Nilifanya nililoweza, nikafumba macho na kuinamisha kichwa, nikasimama katikati ya njia kama ng'ombe. Nilisema moyoni basi, leo mwiko umevunjika. Atakuja kumkumbatia mwanawe juu ya mgongo wangu, na nani atamlaumu. Miaka mitano.

Miguu yake ikasimama. Karibu sana, nilisikia anavyohema. Kisha nikasikia majani.

Nikafumbua jicho. Njia ilikuwa tupu.

Aliingia kichakani. Mama yule aliacha njia, akajifunika kanga, akachuchumaa kwenye kichaka kilekile nilichojificha mimi, ili mkwe wake apite. Mwanawe yuko mbele yake, anaweza kumshika kwa mkono, na amejifunika uso kwa heshima yangu mimi. Nilishtuka kuliko siku zote hizi. Machozi yalinitoka nikashindwa kuyafuta, mikono imeshika kamba.

Eliya akasema, "Mama."

Hakujibu. Ukatoka mkono katikati ya majani. Umeshika jiwe, na jiwe limevaa kile kifuko changu cha bluu. Eliya akajiinamisha, mimi nikakunja magoti mpaka yakalia, akalifikia, akalichukua mwenyewe kwa mkono wake.

Ndipo nikaisikia sauti ya Mama. Ilitoka chini ya kanga, haikusemwa kwangu, mkwe hasemeshwi. Ilisema, "Mwambieni mkwe wangu apande polepole, hapo juu pana utelezi."

Hapakuwa na wa kuambiwa zaidi ya Eliya na Tabita, na Tabita alikuwa amefunika uso wake.

Nikasema, "Mwambieni Mama nimesikia."

Nikapanda, Eliya mgongoni, jiwe kifuani pa Eliya. Nilimshusha mlangoni nikageuka upesi kwa njia ya nyuma, ili Mama aweze kuingia kwake.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeshona kutwa. Suruali ya Eliya nimeikata mguu mmoja nikaupinda. Kipande kilichobaki nimekijaza pamba, nimekishonea juu ya gongo lake, lisimkwaruze kwapa. Ameagiza kisu kipya cha tairi. Atakaa barazani pa duka, upande wa pili wa cherehani yangu.

Tabita anasema jiwe liko jikoni pembeni ya mafiga. Flaneli imekwisha kuwa nyeusi kwa moshi, Mama hataki livuliwe.

Mama ametuma maneno kuhusu kaburi. Saruji wabebe wakwe wengine, mkwe wangu amekwisha kubeba. Nilimwomba Tabita ayarudie. Akayarudia, kisha akaniuliza kama nayo nitayashonea nguo.

Shanta lina matundu mawili chini. Sijayaziba. Eliya anataka kuliona kaburi la baba yake kesho baada ya ibada.